Jozi ya Mwisho ya Bawaba

Nilikaa nyuma ya kaunta ya stoo miaka kumi na tisa, katika karakana moja ya magari ya umma pale Kurasini, na neno nililolitamka kuliko mengine yote ni "hakuna". Nililitamka asubuhi kabla sijanywa chai, nikalitamka alasiri nikiwa nafunga dirisha. Hakuna fenibelti. Hakuna plagi. Boliti za namba hiyo hakuna, jaribu namba nyingine. Nikifika nyumbani Temeke nilikuwa sina hamu ya kufungua mdomo, na mke wangu Auleria akiniuliza kama nimeshiba nilimjibu kwa kichwa.

Mara nyingi lilikuwa kweli. Mwaka sabini na sita vitu vilikuwa adimu, na sisi tuliokuwa tunaziona meli zinafunga gati karibu na mlango wetu tulichoka zaidi, maana tuliona makasha yanashushwa na hayakuwa yetu. Lakini palikuwa na "hakuna" ya namna nyingine, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Kitu kikibaki kimoja rafuni, au jozi moja, kwangu kilikuwa kimekwisha. Aliyenikabidhi stoo alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na aliyemtangulia: rafu isikauke. Mkaguzi akija akakuta kadi ya spea imeandikwa sifuri, atauliza ulikuwa wapi vitu vikikwisha. Akikuta kimoja, anapita. Kwa hiyo kila rafu ilikuwa na kimoja chake kinachokula vumbi, na mimi nilikuwa mlinzi wa vumbi hilo.

Mafundi walilijua jambo hili, na lilikuwa na taratibu yake. Fundi analeta fomu, namwambia hakuna, anaondoka. Mwenye shida kweli anarudi baadaye, anaegemea kaunta, anasema polepole, "Bwana Stoo, hebu tazama tena." Basi natazama tena. Nakaa nyuma ya rafu kiasi cha mtu kuamini kwamba natafuta, halafu natoka nacho. Hapakuwa na aliyekasirika. Tulifanya kazi hivyo, tukazoea.

Fundi Albano yeye alikuwa mtu wa kuuliza mara moja tu.

Alikuwa fundi wa bodi, yaani kila kisichokuwa injini: milango, viti, vioo, maturubai. Mmakonde wa Newala, mfupi, mzito wa mabega, chale za ujana wake bado ziko mashavuni. Kwao walikuwa wachonga vinyago. Yeye mpingo aliuacha angali kijana, akaja Dar es Salaam kubeba magunia bandarini, na karibu na uhuru akaingia karakana baada ya msimamizi mmoja kumwona anatengeneza bawaba ya lango kwa nyundo na tupa tu. Mkewe alifariki mapema. Akabaki na binti mmoja, Filomena, wakakaa Mtoni, nyumba ya vyumba viwili nyuma kidogo ya barabara ya Kilwa, akamsomesha mpaka akawa muuguzi. Ungemuuliza habari za maisha yake angekueleza kwa maneno machache kuliko hayo.

Mimi ni Mhaya wa Bukoba, na maneno hatukunyimwa. Hatukuwa marafiki na Albano, wala hatukuwa na ugomvi. Mara mojamoja alinitania: "Nyie watu, mkiomba maji ya kunywa mnaanza na habari za aliyechimba kisima." Nilicheka, kwa sababu ni kweli.

Filomena alikuwa muuguzi wa Landrova ya kliniki. Watu wa upande wa Rufiji walikuwa wamehamia vijiji vya ujamaa, zahanati zilikuwa bado hazijajengwa, kwa hiyo kliniki iliwafuata kwa gari: mizani ya kupimia watoto, chanjo ndani ya kisanduku cha barafu, dereva Kornelio kulia, Filomena kushoto. Jumatatu waliteremka na barabara ya Kilwa, Ijumaa walirudi wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Gari lenyewe lilikuwa la siku nyingi, na bawaba za mlango wa kushoto zilikuwa zimelika, mlango unaning'inia kama meno ya mtoto wa miaka sita. Simlaumu aliyelitengeneza. Mtu yeyote akipigwa na barabara ile miaka kumi na mitano atalika.

Mwezi wa tatu, Albano akaja dirishani na fomu yake.

"Bawaba za Landrova, jozi moja."

Jozi moja ilikuwapo. Ilikuja mwezi wa pili, ikiwa bado ndani ya karatasi yake ya mafuta, na tarehe ya kupokelewa niliiandika mwenyewe kwa wino juu ya boksi.

"Hakuna," nikamwambia.

Alitazama rafu. Naapa aliitazama rafu yenyewe, ile ya chini mkono wa kulia. Kisha akasema, "Haya," akaikunja fomu yake mara nne, akaenda zake. Nilimngoja arudi. Mpaka saa tisa nilikuwa namngoja, na nilishaanza kumkasirikia kwamba anajifanya hajui taratibu. Hakurudi. Nikafunga dirisha nikaenda kupanga foleni ya sukari.

Albano akafanya ambacho fundi yeyote wa siku zile angefanya. Alipitisha boliti mbili ndefu kwenye mlango mpaka kwenye nguzo ya bodi, akakaza, kisha akavigonga vichwa kwa nyundo ili nati zisilegee njiani. Mlango ukawa haufunguki tena, ukawa ukuta. Filomena alipandia upande wa dereva, akivuka juu ya gia. Magari mengi mjini yalikuwa hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwezi wa nne masika yaliwakuta njiani. Kabla ya kufika Kibiti kuna kijito ambacho jina lake sijalijua mpaka leo, na siku hizo kilivukwa kwa daraja la magogo. Filomena alikuwa amegeukia nyuma, amekizuia kisanduku cha chanjo kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia ameshika ukingo wa dirisha. Gogo likageuka. Landrova ikainama upande wa kushoto, ikaegemea magogo, maji yakaingia mpaka kifuani, na mkono wake ukawa katikati ya mlango na gogo.

Kornelio alitokea mlango wake, akarudi ndani, akamshika kichwa kisizame. Wanakijiji walifika haraka, hilo alilisisitiza sana. Walifika wengi na mashoka. Walitaka kuutoa mlango ili mkono upate nafasi, wakakuta boliti zilizogongwa vichwa. Wakaukata mlango kwa shoka kidogokidogo, wakiogopa kumkata na yeye. Ikawachukua saa nzima na zaidi. Baadaye daktari wa hospitali alisema kama ingekuwa dakika kumi mkono ungepona. Saa ile ndiyo iliyoumaliza.

Kornelio alitusimulia hayo amesimama mbele ya dirisha langu, na Albano alikuwa pale kwenye jiriwa yake ya kubania vyuma, hatua sita tu, tupa mkononi. Hakuacha kupiga tupa. Sikumbuki alikuwa anatengeneza nini. Mimi nilienda nyuma ya rafu, nikaliona boksi lile, sikuligusa.

Tangu siku hiyo nilichoka uchovu ambao usingizi hauutoi. Nilikula, nilienda kanisani, nilisaini daftari la mahudhurio. Fundi akija kuniambia nitazame tena, nilikuwa natoka jasho. Albano alikuja na fomu zake kama kawaida, akauliza mara moja, akapata au akakosa, akaenda. Macho yake yalikuwa yamezama ndani na mgongo ulikuwa umeanza kupinda, na hatukuwahi kulitaja jambo lenyewe.

Mwezi wa nane Filomena alitoka hospitali. Mkono wa kulia ulikuwapo, lakini ulining'inia tu, vidole havikunji. Alikuwa msichana mwenye kicheko cha karibu, na kicheko hicho kilikuwa kimepungua lakini hakikwisha. Alikuja karakana kumletea baba yake chakula, akapita dirishani kwangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Naendelea. Ila daktari wa kliniki anataka kunipeleka masjala nikapange mafaili. Mie kule nitakufa, baba. Kuna akina mama kule vijijini wanasubirigi niwapimie watoto wao, wananijua kwa jina. Nisipoenda mie atakwenda nani?"

Nikamuuliza daktari kasema nini hasa. Akanieleza. Daktari huyo alikuwa mtu wa haki lakini mgumu, na baada ya ajali alikuwa ameweka sharti moja: asiyeweza kujitoa garini mwenyewe hapandi gari la kliniki. Filomena akaomba ajaribiwe. Daktari akampa mpaka Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa. Siku hiyo atakaa kwenye kiti chake ndani ya Landrova, mlango umefungwa, kitasa kimezuiwa kana kwamba kimekwama, na ajitoe kwa mkono wake mmoja. Akiweza, Jumatatu anakwenda Rufiji. Akishindwa, masjala.

"Baba yako anasemaje?" nikamuuliza.

"Nimemwomba anitengenezee mlango unaotoka. Amesema haya."

Nilidhani Albano angefurahi binti akae masjala, mahali pakavu, karibu na nyumbani. Nilimwambia hivyo siku ya pili. Hakunitazama. "Ameniomba," akasema, na hapo ndipo maelezo yake yalipoishia.

Basi akaanza kutafuta bawaba ya kutoka. Kutoka dirishani kwangu niliiona kazi yote, nikiwa sina raha.

Ya kwanza ilikuwa ya kunyanyua. Alisimamisha pini mbili kwenye nguzo ya bodi, na mlango akauwekea matundu, ukawa unakalia pini kwa uzito wake mwenyewe. Pini ya chini aliifanya ndefu kuliko ya juu, ili mtu aliye peke yake aweze kuupachika kwa kuilenga moja kwanza. Ilikuwa kazi nzuri ya kuangalia. Kornelio akaijaribu barabara ya Kilwa, na alipopita kwenye mashimo ya Mbagala mlango ukaruka wenyewe ukaenda kulala mtaroni. Alirudi nao ameulaza kwenye kiti, watu wa Mtoni wakimpigia kelele kwamba dereva amepakia mlango badala ya abiria. Karakana nzima ilicheka. Albano alichukua mlango, akautazama, akaanza kufungua pini.

Ya pili ilikuwa bawaba za kawaida, ila pini zake zinachomoka, kila moja na pete yake ya kuvutia. Hizo hazikuruka. Filomena akaja siku moja mchana, akakaa, akatoa mkono wa kushoto dirishani, akachomoa pini ya juu mara moja. Ya chini hakuifikia. Alijinyoosha mpaka shavu likawa limebanwa na kioo, vidole vikagusa hewa. Akajaribu tena. Mara ya tatu nilimwona anajiuma mdomo, na Albano akasema, "Basi, mama, shuka." Alimwita mama kama akina baba wanavyowaita binti zao, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeomba radhi.

Zilibaki siku sita. Jumapili ile nilitoka misa nikaamua kupita kwake Mtoni, sijui nilikwenda kufanya nini. Nilimkuta nje, amekaa juu ya kigoda, kisu mkononi, anachonga mpingo. Baada ya miaka thelathini na kitu. Jirani yake mmoja alikuwa amesimama anamdhihaki: "Kinyago gani hiki, Mzee Albano? Hakina kichwa wala matiti, nani atanunua?" Ilikuwa bawaba. Alikuwa ameichonga bawaba nzima ya mpingo, saizi yake kamili, na kijiti kinachopita katikati yake.

Akanionyesha bila kuulizwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Badala ya pini mbili, ufito mmoja unaopita bawaba zote mbili, juu mpaka chini. Mahali pa bawaba ufito ni mnene, na chini ya kila mahali panene amepunguza ukawa mwembamba. Juu una pete, usawa wa dirisha. Tundu la bawaba ya mlango amelipasua mbele, mwanya mdogo, ufito mnene haupiti. Ukivuta pete kwenda juu kiasi cha vidole vinne, sehemu nyembamba inafika kwenye mwanya, na mlango unateleza wenyewe ukatoka, juu na chini kwa pamoja. Alivuta kijiti. Bawaba ya mpingo ikaachana mkononi mwake bila sauti.

"Na ukirukaruka njiani?"

"Nitaifunga pete kwa mpira wa ndani wa tairi."

"Basi umemaliza."

"Sijamaliza," akasema. "Zile kuukuu zimelika, nikizipasua zitavunjika. Nataka bawaba mpya." Akafuta kisu kwenye suruali, akanitazama usoni. Nilisema nachelewa nyumbani, nikaondoka. Nilitembea kwa miguu mpaka Temeke, jua la saa saba kichwani, na viatu vya kanisani vikinichubua.

Jumatatu asubuhi akaja dirishani na fomu.

"Bawaba za Landrova, jozi moja."

Usiku kucha nilikuwa nimejiambia nitakavyomjibu. Nilikuwa nimeamua. Mdomo ukafunguka, ukasema, "Hakuna."

Sitajitetea. Ulikuwa mdomo wangu. Miaka kumi na tisa kitu kinasemwa, kinafika mahali kinajisema.

Albano hakuondoka. Aliweka viwiko viwili juu ya kaunta, taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Sikuwa nimewahi kumwona anaegemea pale.

"Bwana Stoo," akasema, "hebu tazama tena."

Nilienda nyuma ya rafu. Sikukaa. Nilichukua boksi, nikarudi nalo, nikaliweka mbele yake bila kulipangusa. Vumbi lilikuwa jingi, lakini wino ulionekana. Aliisoma tarehe. Alikuwa msomaji wa polepole, akiisogeza midomo, na nilimtazama akisogeza midomo mpaka akafika kwenye mwezi na mwaka.

"Zilikuwapo," nikamwambia. "Ulipokuja mwezi wa tatu zilikuwapo. Ni mimi."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nani hajui hakuna yako?" Hakupaza sauti. "Nilijua zipo. Nilitaka kurudi kuuliza. Nikafika hapo kwenye kreni, nikaona lile tangazo lenu ukutani, la kukataza kupeana vitu kwa kujuana. Gari ni la mwanangu. Nikasema, nikimng'ang'ania Stoo, watasema Albano anahangaikia gari la mtoto wake, magari mengine yako juu ya mawe miezi mitatu. Ingekuwa gari la mtu mwingine ningerudi mara tano." Akaliburuta boksi kuelekea kwake. "Nikaona aibu. Nikaenda kukaza boliti."

Nilisikia macho yanajaa, na mimi si mtu wa kulia. Nikamwambia nitamweleza Filomena. Nitakwenda Mtoni siku hiyo hiyo, nitakaa chini, nitamweleza kila kitu, anitukane akitaka.

"Usimweleze."

"Ana haki ya kujua, Mzee Albano."

"Anayo. Lakini ukisema yako, na mie itabidi niseme yangu." Alikuwa amelishika boksi kwa mikono miwili kifuani. "Mie sina nguvu hiyo. Labda baadaye. Sasa hivi nimechoka, Projestus."

Ndiyo mara pekee aliyoniita kwa jina langu. Akaenda kwenye jiriwa. Kufika saa nne alikuwa amezikata kwa msumeno bawaba mpya kabisa, jozi ya mwisho, na mimi nikachukua kadi nikaandika sifuri. Mkaguzi alipokuja mwezi uliofuata aliniuliza nilikuwa wapi vitu vikikwisha, nikamwambia nilikuwa hapahapa, nikaandikiwa barua ya onyo. Ninayo mpaka leo, Auleria ameiweka pamoja na vyeti vya ubatizo.

Jumamosi daktari alikuja saa tatu asubuhi, na saa yake mkononi. Landrova ilikuwa imeegeshwa uani, imepigwa maji. Filomena akapanda, mlango ukafungwa, Kornelio akakizuia kitasa kwa waya. Mafundi wote waliacha kazi, hata wale wa injini. Albano alisimama mbali, karibu na ukuta, mgongo umeugusa ukuta.

"Haya," akasema daktari.

Mkono wa kushoto ukatoka dirishani. Uliupapasa mpira, ukausukuma, ukaingiza vidole viwili kwenye pete. Ukavuta. Ufito haukupanda. Niliona mishipa ya shingo yake imesimama. Nikamtazama Albano; alikuwa amefumba macho. Filomena akaacha, akapumua, akausukuma mlango kwa goti kutoka ndani ili uzito uache kuukaba ufito, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha, akavuta tena. Ufito ukapanda vidole vinne. Mlango ukaachia bawaba zote mbili kwa pamoja, ukachomoka kwenye kitasa, ukaanguka uani kwa kishindo kikubwa, na yeye akatoka nje kwa miguu yake.

Daktari alitazama saa. "Jumatatu saa kumi na mbili usichelewe," akamwambia, akaenda kwenye gari lake.

Mafundi walipiga kelele. Kornelio alikuwa anacheza. Albano alifumbua macho, akaenda kuuokota mlango, akaupindua kuangalia kama umebonyea, akaupachika tena mahali pake peke yake. Alipomaliza akakaa kwenye ngazi ya gari na kuegemeza kichwa kwenye bodi, na sikuona furaha usoni mwake, niliona mtu aliyetua kitu kimoja akabaki na kingine.

Nilirudi stoo. Nilitaka kufunga mapema. Nilikuwa nimeshika kufuli pale Filomena aliposimama mbele ya dirisha, anahema bado, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, na kile kicheko chake chote kimerudi.

"Baba amenieleza," akasema.

Nikaweka kufuli chini. "Amekueleza nini?"

"Kwamba zilikuwa za mwisho stoo nzima, na umezitoa kwa ajili yangu. Na kwamba utapata matatizo kazini." Akaupitisha mkono wa kushoto kwenye dirisha, akaona nimeutazama, uso ukamwiva kwa haya. Alikuwa amelelewa vizuri, na kwetu sote pale mtu hampi mkubwa mkono wa kushoto. "Unisamehe, baba," akasema. "Huu ndio nilionao."

Niliushika kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa na alama nyekundu ya ile pete. Juu ya bega lake nilimwona Albano ameinua kichwa pale kwenye ngazi ya gari, ananitazama, anangoja nitasema nini.

"Nimekusamehe," nikamwambia.